Akina Baba, Malezi ya Imani Hayana Kaimu

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii twaifundisha madarasani kila mwaka, na wanafunzi wetu huitungia insha za kupendeza. Hata hivyo, wako akina baba walioigeuza kuwa ngao. Kwa kuwa methali imemtaja mama, wao hujiona wamesamehewa. Wakisha kulipa karo na kununua unga, huona kuwa wajibu wao umekwisha.

Mimi ni mwalimu wa somo la Dini ya Kikristo, na jambo hili hunikera. Jumapili asubuhi mama huwashika watoto mikono kwenda kanisani, ilhali baba amebaki nyumbani akisoma gazeti. Shule zikifunguliwa, baba huyo huyo humleta mwanawe bwenini na kuniambia, "Mwalimu, nakuachia huyu, mfunze kumcha Mungu." Nampokea mtoto kwa moyo mkunjufu, lakini sina budi kusema kweli. Ninaweza kumfunza mwanafunzi safari za Paulo akazikariri, na akapata alama ya juu kabisa. Mtahini husahihisha yale ayajuayo mwanafunzi. Yale ayaaminiyo hayamo katika karatasi ya mtihani.

Biblia yenyewe haikuliacha jambo hili katika giza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, yamtaka mzazi awazungumzie watoto maneno ya Mungu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aamkapo. Hebu tuzitazame nyakati hizo nne. Ni ipi kati yazo ambayo mwalimu au mchungaji huwa karibu na mtoto kama alivyo mzazi? Naye Paulo, akiwaandikia Waefeso katika sura ya 6, aliwataja akina baba waziwazi na kuwakabidhi malezi ya watoto katika njia ya Bwana. Hata shule ya Jumapili haikubuniwa ili kumpokonya baba kazi yake. Robert Raikes alipoanzisha shule yake mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto wa maskini waliofanya kazi juma zima na ambao hawakuwa na siku nyingine ya kujifunza kusoma.

Kisa kinachonigusa zaidi, hasa kwa kuwa kinatuhusu sisi walimu, ni cha kuhani Eli. Eli alimlea Samweli hekaluni, mtoto wa watu wengine, akamfundisha hata kuitambua sauti ya Mungu. Lakini wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, walizipora sadaka na kuwadhulumu waumini. Eli alipowakemea alikwisha kuwa mkongwe, nao hawakumsikiliza. Ni msiba ulioje, mtu kuwasha taa katika nyumba za wenzake huku yake ikisalia gizani! Walimu na wahubiri wangapi miongoni mwetu hushinda na watoto wa watu kutwa kucha, kisha hurudi kwao wakiwa hawana hata neno moja lililobakia kwa watoto wao?

Labda msomaji atasema kwamba baba hayupo nyumbani kwa sababu yupo kazini. Hoja hiyo ina uzito, na chanzo chake ni cha zamani. Serikali ya kikoloni iliwatoza Waafrika kodi ya nyumba, ikawalazimisha wanaume kwenda kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi, reli na miji. Wengi walikaa huko peke yao, na mama akabaki kijijini akiwa ndiye mkulima, mlezi na mwombezi. Nawavulia kofia akina mama hao, pamoja na wote wanaolea peke yao hii leo. Imani ya Timotheo ilitokana na nyanyake Loisi na mamake Eunike. Lakini ushujaa wa mama si cheti cha kumruhusu baba kutoroka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imewapa mama na baba jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Ikiwa sheria ya nchi haimsamehe baba kwa habari ya chakula cha mtoto, seuze Mungu kwa habari ya roho yake?

Hata hivyo, nisieleweke kwamba namwita baba awe dikteta wa madhabahu. Katika aya ile ile ya Waefeso, Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakakasirika. Isitoshe, mwaka 2023 tulishuhudia miili zaidi ya 400 ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na watoto walikuwa miongoni mwao. Wapo waliopelekwa huko na wazazi wao wenyewe, kwa jina la imani. Imani isiyoruhusu swali ni hatari kwa mtoto. Mtoto akiuliza kwa nini Mungu hakumponya nyanya, kofi si jibu. Baba aketi naye waitafute njia pamoja. Na akiwa hana jibu, aseme hana.

Wala kazi hii haihitaji shahada ya theolojia. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto hujifunza kwa kuwa karibu na moto wa babaye. Akimwona baba akikataa hongo, akimwomba mama msamaha, akimlipa kibarua ujira wake bila kumzungusha, huwa amesoma mahubiri yasiyofutika. Akimsikia akiomba kabla ya chakula na kutukana baada yake, huwa amesoma pia.

Walimu wenzangu, tuendelee kufundisha kwa bidii, lakini tuwaambie akina baba wazi kwamba sisi ni wasaidizi wao tu. Nanyi wanafunzi, likizo ijayo mkiwa nyumbani, waulizeni baba zenu wanaamini nini, na kwa nini. Huenda swali hilo likawa ndilo mwanzo wa somo walilolichelewesha. Baba anayeulizwa na mwanawe ana bahati. Eli alipotaka kusema na wanawe, hawakuwa tena na masikio ya kumsikia.