Kompyuta Inapoulizwa: Hii Ni Nchi Gani?

Chukua majedwali mawili yanayopatikana bure mtandaoni, moja la Benki ya Dunia na jingine la Umoja wa Mataifa, kisha uyaunganishe kwa kutumia jina la nchi. Benki ya Dunia imeandika "Congo, Dem. Rep.", Umoja wa Mataifa umeandika "Democratic Republic of the Congo". Huku Misri ni "Egypt, Arab Rep.", kule ni "Egypt" tupu. Huku tuko "Tanzania", kule tuko "United Republic of Tanzania". Binadamu akisoma hasumbuki. Kompyuta haina ujuzi huo: kwake koma moja ikizidi, hiyo ni nchi nyingine. Jedwali litakalotoka litakuwa na mapengo mahali pa Kongo, Misri na Tanzania, na ubaya wake ni kwamba halitalalamika. Litakupa wastani wa Afrika uliokosa nchi tatu kati ya zenye watu wengi zaidi barani, nawe utauchapisha.

Tatizo hili ni la zamani kuliko intaneti, na dawa yake pia ni ya zamani. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kwa mara ya kwanza kiwango nambari 3166, ambacho leo huipa kila nchi misimbo mitatu. Tanzania ni TZ kwa herufi mbili, TZA kwa herufi tatu, na 834 kwa tarakimu. Kenya ni KE, KEN, 404. Uganda ni UG, UGA, 800. Herufi mbili ndizo unazoziona mwishoni mwa anwani za tovuti, .tz na .ke, herufi tatu zimo kwenye pasipoti, katika ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Tarakimu zinatoka kwa idara ya takwimu ya Umoja wa Mataifa, nazo zina faida moja kubwa: zinasomeka hata kwa asiyejua alfabeti ya Kilatini.

Hakuna sababu ya mwandishi wa programu kukaa kuandika orodha hii kwa mkono. Atakosea, na kazi yenyewe imekwisha fanywa. Kuna maktaba, yaani programu ndogo zilizoandikwa tayari ambazo mtu huzichomeka ndani ya programu yake, na kwa wanaotumia lugha ya Python iliyo maarufu zaidi kwa jambo hili ni pycountry. Matumizi yake ni mistari mitatu:

import pycountry
nchi = pycountry.countries.get(alpha_2="TZ")
print(nchi.alpha_3, nchi.numeric)

Jibu litakuwa TZA 834. Ukiwa na herufi tatu, unauliza kwa alpha_3. Ukiwa na tarakimu, kwa numeric. Ukiwa hujui ulichonacho ni kipi, kuna lookup, inayopokea msimbo wowote au jina rasmi na kutafuta yenyewe. Tofauti yao ni muhimu kuliko inavyoonekana. Get isipopata kitu hunyamaza na kukurudishia utupu. Lookup isipopata husimamisha programu na kutoa kosa. Mimi kwa data inayotoka mikononi mwa watu napendelea ile inayopiga kelele.

Ipo na njia ya tatu, search_fuzzy, ambayo hubahatisha. Ukiiandikia "England" itakupa Uingereza, kwa sababu inapekua hata majina ya mikoa na majimbo. Inavutia, na hapo ndipo mtego ulipo. Iandikie "Niger" na Nigeria nayo itajitokeza kwenye majibu, kwa kuwa Nigeria ina jimbo liitwalo Niger. Iandikie "Congo" na utapewa Kongo mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville. Ukichukua jibu la kwanza bila kuangalia, ni suala la muda tu kabla hujampeleka mteja wa Niamey Abuja. Njia hii inafaa kwa mtu aliyeketi mbele ya skrini akichagua jibu kwa macho yake, haifai kwa programu inayochakata mistari laki moja usiku watu wamelala.

Sasa tufike kwenye kiini. Maktaba ya namna hii haijibu swali la "nchi ni nini". Inajibu swali dogo zaidi: "ISO imeandika nini?" Mtunzaji wa pycountry ameliweka wazi katika maelezo yake. Data yote inatoka katika mkusanyiko uitwao iso-codes wa mradi wa Debian, naye hapokei ombi la kubadilisha hata neno. Mwenye malalamiko kuhusu hali ya kisiasa ya dunia aende kwa ISO au Debian. Wengine huona huo ni ukaidi. Kwangu ndiyo sababu ya kuiamini: maktaba inayorekebisha ramani kwa kila anayebisha hodi haitakuwa na ramani moja wiki ijayo.

Lakini maana yake ni kwamba unachukua orodha pamoja na maamuzi yake yote. Orodha ina maingizo 249, wakati wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 193. Tofauti hiyo ni maeneo kama Antaktika, iliyopewa AQ, na Bouvet, kisiwa cha barafu kisicho na mkazi hata mmoja, chenye BV. Mayotte ina YT yake ingawa kijiografia ni kisiwa cha Komoro, kwa sababu imebaki chini ya Ufaransa. Taiwan imeandikwa kama jimbo la China, kwani ISO hufuata majina ya Umoja wa Mataifa. Ukiyamwaga majina hayo yalivyo kwenye fomu ya wateja, jiandae kwa barua kutoka Taipei. Kosovo haimo kabisa. Wanaoihitaji hutumia XK, kwa kuwa misimbo inayoanzia XA hadi XZ imeachwa makusudi kwa matumizi binafsi, na pycountry inakuruhusu kuongeza ingizo lako mwenyewe kwa add_entry.

Zanzibar nayo utaitafuta bure kati ya nchi. Muungano ulikuwa Aprili 1964, miaka kumi kabla ya kiwango kuandikwa, kwa hiyo hata kwenye orodha ya nchi zilizokoma haimo. Ipo katika sehemu ya pili ya kiwango, inayohusu mikoa, ikiwa imegawanyika mara tano: TZ-06 Kaskazini Pemba, TZ-07 Kaskazini Unguja, TZ-10 Kusini Pemba, TZ-11 Kusini Unguja na TZ-15 Mjini Magharibi. Mwenye takwimu za Kombe la CECAFA, ambako Zanzibar ina timu yake, itabidi ajitungie msimbo.

Na hapo kwenye michezo pana mtego mwingine. Kamati ya Olimpiki na FIFA wana misimbo yao ya herufi tatu, na kwa nchi nyingi inalingana na ya ISO, jambo linalomfanya mtu asahau kwamba ni orodha tofauti. Kenya ni KEN kote. Tanzania, ambayo ni TZA kwa ISO, uwanjani ni TAN. Zambia ni ZMB huku na ZAM kule. Oman ni OMN huku na OMA kule. Magari nayo yana alama zake: EAK, EAU, EAT, na EAZ kwa Zanzibar, masalia ya Afrika Mashariki ya Waingereza.

Kosa linalonitisha kuliko yote haya, hata hivyo, linahusu kaunti za Kenya. Katiba ya 2010 iliorodhesha kaunti 47 kuanzia pwani: ya 1 ni Mombasa, ya 2 Kwale, ya 3 Kilifi, ya 5 Lamu, na ya 47 ni Nairobi. Nambari hizo ndizo wanazozitumia watu wa serikali na wa takwimu. ISO nayo ilizipanga kaunti zilezile 47 kwa alfabeti. KE-01 ni Baringo, KE-02 Bomet, KE-03 Bungoma. Mombasa ikaangukia KE-28, Nairobi KE-30, na KE-47 ikawa West Pokot. Orodha mbili, zote zinaanzia 1 na kuishia 47, na hakuna nambari hata moja itakayoonekana ngeni kwa kompyuta. Mtu akichukua data ya kaunti yenye nambari za Katiba, akaziandika kwa tarakimu mbili, akabandika "KE-" mbele, akaipeleka kwenye pycountry, kila mstari utapata jibu. Wakazi wa Nairobi, zaidi ya milioni 4 kwa sensa ya 2019, watahamia West Pokot, na ramani itachorwa vizuri kwa rangi za kupendeza.

Tanzania haijasalimika. Katika sensa, mkoa wa 01 ni Dodoma, wa 02 ni Arusha, na Dar es Salaam ni 07. Mikoa ya Zanzibar inaanzia 51. Kwa ISO, TZ-01 ni Arusha, TZ-02 ni Dar es Salaam, na Dodoma ni TZ-03. Angalau hapa zile 51 hadi 55 zitakataliwa na kukushtua. Kinga ni moja: kabla ya kuunganisha, chukua mikoa mitatu unayoijua, chapisha msimbo na jina vikiwa pamoja, uvisome kwa macho.

Misimbo yenyewe hubadilika, nayo ina utaratibu ambao ukishauelewa hautakusumbua tena. Herufi hufuata jina. Tarakimu hufuata eneo. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, ZR na ZAR ziliondoka zikaja CD na COD, lakini 180 ilibaki, kwa sababu mipaka haikuguswa. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 ikawa kinyume chake: Sudan iliendelea na SD, ila tarakimu zake zikatoka 736 kwenda 729, maana nchi ilikuwa imepungua. Ethiopia nayo ilihama kutoka 230 kwenda 231 baada ya Eritrea kuondoka mwaka 1993. Kwa mtu anayelinganisha takwimu za miaka arobaini, tarakimu humweleza kitu ambacho herufi zinakificha.

Misimbo iliyostaafu huwekwa katika sehemu ya tatu ya kiwango, kwa herufi nne zinazounganisha ya zamani na ya sasa: Zaire ni ZRCD, Dahomey iliyokuja kuwa Benin ni DYBJ. Pycountry inazo chini ya historic_countries. Umuhimu wake unaonekana katika kioja cha CS. Herufi hizo zilikuwa za Chekoslovakia hadi ilipogawanyika mwaka 1993. Mwaka 2003 zikapewa Serbia na Montenegro, ambazo nazo zilitengana mwaka 2006. Ukikutana na CS kwenye faili la zamani bila tarehe, huwezi kujua ni Prague au Belgrade.

Hata msimbo sahihi unaweza kuharibika njiani. Namibia ni NA, na pandas, maktaba ya majedwali inayotumiwa na karibu kila mchambuzi wa Python, huzisoma herufi hizo kama "data haipo" usipoikataza kwa keep_default_na=False. Norwe ni NO, na faili za mipangilio za YAML za mtindo wa zamani huigeuza kuwa "hapana". Excel nayo huila sifuri ya mbele: Algeria, 012, inakuwa 12, Botswana, 072, inakuwa 72. Tarakimu za nchi zihifadhiwe kama maandishi.

Sarafu zimo pia, chini ya currencies: TZS, KES, UGX. Ila pycountry haikuambii nchi gani inatumia sarafu gani. Tarakimu za TZS ni 834, sawa na za nchi, jambo linaloweza kukushawishi kuziunganisha kwa njia hiyo. Usifanye hivyo, kwani faranga ya Kongo ni 976 wakati nchi ni 180.

Kwa msomaji wa Kiswahili limebaki suala la fomu. Mtu ataandika Ujerumani, Misri au Ugiriki, na majina rasmi yaliyomo katika pycountry ni ya Kiingereza. Hifadhi msimbo, kisha jina la kuonyesha ulitoe kwenye CLDR, hazina ya lugha inayotunzwa na Unicode. Vivinjari vya kisasa vinayo tayari: Intl.DisplayNames ikipewa "sw" na DE itakujibu Ujerumani. Panga orodha upya baada ya kutafsiri, usiiache katika mpangilio wa Kiingereza, na usishangae herufi U ikijaa majina, yakiwemo Uchina na Uturuki.

Mwisho, andika toleo la maktaba ulilotumia pembeni ya matokeo yako. Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018, Makedonia ikawa Makedonia Kaskazini mwaka 2019, na zote mbili zilibaki na SZ na MK zao. Aliyehifadhi misimbo hakuguswa. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, ni TZ-31. Kompyuta ambayo maktaba yake haijasasishwa tangu kabla ya hapo itakuambia kwamba mkoa huo haupo.