Australia: Kenge Milpa anawafundisha watoto kunawa uso, lakini je, bomba linatoa maji?

Ukiingia shule ya msingi au zahanati kwenye makazi ya Waaborijini katikati ya Australia, mamia ya kilomita kutoka mjini, huenda ukamwona kenge ukutani.

Anaitwa Milpa. Ni katuni, na kazi yake ni kuwakumbusha watoto mambo sita: kupenga kamasi mpaka pua iwe tupu, kunawa mikono kwa sabuni, kunawa uso kila unapochafuka, kupiga mswaki, kuoga kila siku na kutotumia taulo moja na mwenzio.

Mambo ya kitoto? Hapana. Kuna watu wamepofuka kwa kukosa hayo.

Vikope ni ugonjwa gani?

Ni maambukizi ya macho yanayosababishwa na bakteria. Kitaalamu huitwa trakoma, na wasomaji wengi wa Tanzania wanayajua kwa jina la vikope. Matongotongo na kamasi kwenye uso wa mtoto ndiyo njia ambayo bakteria hao hupita, kupitia vidole, mito ya kulalia, taulo na nzi.

Mara moja tu hayapofushi. Shida ni kuambukizwa tena na tena utotoni. Ngozi ya ndani ya kope hujaa makovu, kope hujikunja kwa ndani, na miaka mingi baadaye nywele zake huanza kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Bibi anayepoteza macho leo aliambukizwa akiwa na umri wa kwenda chekechea.

Kwa miaka mingi Australia imetajwa kuwa nchi pekee tajiri ambako ugonjwa huu ulibaki kuwa tatizo la afya ya jamii, tena karibu wote kwa Waaborijini wa maeneo ya mbali. Miongoni mwa wazungu wa nchi hiyo ulitoweka zamani, kabla hata ya dawa za leo, kwa sababu ya maji ya bomba na nyumba bora.

Daktari wa macho Fred Hollows ndiye aliyeionyesha nchi ukubwa wa tatizo. Kati ya 1976 na 1978 yeye na timu yake walizunguka vijijini na kupima macho ya zaidi ya watu 100,000. Taasisi yenye jina lake hivi sasa inafanya kazi hadi Kenya.

Mwaka 2009 serikali iliahidi kuumaliza ugonjwa huo kufikia 2020. Wakati huo karibu asilimia 14 ya watoto wa miaka 5 hadi 9 waliopimwa katika maeneo hatarishi walikuwa nao. Dawa ya azithromycin ikagawiwa kwa familia nzima kwa pamoja, Milpa akaingia shuleni, na wachezaji wa mpira wa Kiaustralia wakapelekwa vijijini kucheza na watoto na kuwahimiza wanawe uso. Kiwango kikashuka chini ya asilimia 5. Lakini 2020 ikapita lengo halijatimia, kwani kuna vijiji ambako ugonjwa ulikuwa ukirudi kila baada ya dawa.

'Nawa uso', kwa maji gani?

Hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu. Mtoto anaambiwa aoge kila siku, anarudi nyumbani, kumbe bomba la mvua limekufa tangu mwaka jana.

Hili liligunduliwa mapema. Katikati ya miaka ya 1980, shirika la afya la Nganampa, linaloongozwa na Waaborijini wenyewe kaskazini magharibi mwa jimbo la South Australia, lilichoka kutibu watoto wale wale kwa maradhi yale yale. Mkurugenzi wake, Yami Lester, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, alimpa kazi daktari, msanifu majengo na mtaalamu wa mazingira: watafute namna ya kuzuia watu wasiugue, badala ya kungojea waugue.

Ripoti yao ya 1987 ilipanga mambo tisa ambayo nyumba lazima imwezeshe mtu kufanya. La kwanza kabisa lilikuwa kuogesha watu, hasa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mpango uliozaliwa hapo unaendeshwa kwa kanuni moja nzuri: hakuna kupima bila kutengeneza. Timu, ambayo wengi wake ni wenyeji waliofunzwa, inaingia nyumbani na bisibisi, inajaribu bomba, choo, swichi na mifereji, na inaanza matengenezo siku hiyo hiyo. Hakuna kuja na fomu kisha kupotea.

Kwa miaka mingi watu wa mjini waliamini nyumba hizo zinaharibiwa na wakazi. Takwimu zilisema vingine. Chini ya asilimia 10 ya matatizo yalitokana na matumizi mabaya. Takriban asilimia 70 yalikuwa ukosefu wa matengenezo ya kawaida, na mengine ni ujenzi wa kulipua tangu mwanzo.

Katika jimbo la New South Wales, tathmini ya miaka kumi ilionyesha kuwa waliokaa kwenye nyumba zilizotengenezwa walilazwa hospitali kwa magonjwa ya kuambukiza kwa kiwango cha chini kwa asilimia 40 kuliko wenzao.

Njia nyingine ilikuwa ya kufurahisha zaidi: mabwawa ya kuogelea. Kule Jigalong, Australia Magharibi, bwawa lilipofunguliwa mwaka 2000, watoto wenye vidonda vya ngozi walipungua sana katika miezi 18. Masharti yalikuwa mepesi: usipokwenda shule, huogelei.

Kongwa nayo imo

Ushahidi kuhusu kunawa uso haukutoka Australia peke yake. Sehemu kubwa ulitoka Kongwa, Dodoma, ambako utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa dawa ikiambatana na kampeni ya nguvu ya usafi wa uso ilipunguza vikope vikali kwa watoto. Akina mama wa Kongwa walikuwa wakichota maji mbali, na walionyeshwa jinsi maji kidogo tu yanavyotosha nyuso nyingi.

Katikati ya Australia bomba lipo ndani ya nyumba. Ila maji ya visima vya huko yana chumvichumvi nyingi, yanaziba mabomba na kuua hita, na fundi aliye karibu anaweza kuwa safari ya siku nzima.