Prosesa ya kadiri yatosha kwa wabunifu wa Tabora

Kadi za michango ya harusi, lebo za asali, mabango ya mikutano, ramani za nyumba: kazi hizi hufanyika kwenye vyumba vidogo vya mjini Tabora vyenye kompyuta moja na printa. Kama mteja ataondoka na kazi yake leo au ataambiwa arudi kesho, mara nyingi huamuliwa na kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, yaani prosesa.

Wanunuzi wengi hupotezwa na stika ya "i5". Kompyuta ya mtumba yenye Core i5-6500 ya mwaka 2015 ina viini vinne tu. Core i5-12400, iliyotoka Januari 2022, ina viini sita, na kila kimoja kina kasi zaidi kuliko vya ile ya zamani. Stika zinafanana, mashine hazilingani hata kidogo. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo anayenunua mtumba asishuke chini ya i5-8500 ya mwaka 2018.

Je, viini vingi zaidi si bora? Hapa Unyamwezi jibu tunalo tangu zamani. Kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi walifuata mwendo wa kirangozi aliyetangulia. Hata wawe mia tano, msafara haukumpita. Photoshop, CorelDRAW na AutoCAD huendesha kazi zake nyingi hivyo hivyo: kiini kimoja kinatangulia, vingine vinasubiri. Mbunifu atazame kwanza kasi ya kiini kimoja. Anayehariri video za harusi ndiye mwenye sababu ya kulipia viini vya ziada.

Kwa kazi za kila siku, i5-12400 au Ryzen 5 5600 ya AMD, nayo ya viini sita, zinatosha kabisa. Ila Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha ndani yake, na i5-12400F vilevile. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi. Ukiona herufi F mwishoni mwa jina la Intel, uliza kabla ya kulipa. Kosa la namna hiyo ni gumu kulirekebisha ukiwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Kariakoo.

Fedha inayobaki iende kwenye RAM. Chukua bango la mita 3 kwa 2, kwa nukta 100 kila inchi. Hizo ni pikseli milioni 93 hivi, na kwa rangi nne za uchapaji, tabaka moja lililojaa ni MB 370. Matabaka kumi yanakaribia GB 4, kabla hujahesabu Windows na programu yenyewe. Mashine ya GB 8 itaanza kuhamishia kazi kwenye diski, na hapo hata prosesa ya bei kubwa hukaa bure ikingoja. Weka GB 16 pamoja na diski ya SSD.

Halafu kuna vumbi. Fungua kasha mwishoni mwa kiangazi uone feni ilivyovaa utando wa vumbi jekundu na mapezi ya kipoozea yalivyoziba. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na fundi asiyejua hilo atakushauri ununue nyingine. i5-12400 na Ryzen 5 5600 zimepangiwa wati 65, kwa hiyo feni ya kawaida inazimudu, mradi isafishwe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna prosesa itakayokurudishia faili ambalo hukulihifadhi. Kabla ya kupanda daraja la prosesa, nunua UPS.