KUAZIMA KAZI YA WENZETU KATIKA KOMPYUTA

Mwalimu mmoja aliniuliza hivi karibuni: "Mtu akitengeneza tovuti, je, aandike kila kitu mwenyewe, au achukue kilichokwisha andikwa na wengine?" Swali hili ni jema, nami nitalijibu kwa kosa langu mwenyewe.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno maktaba. Hapa si nyumba ya vitabu. Ni fungu la misimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambalo mtu ameliandika na kuwaachia wenzake walitumie. Hapa Idodi wakulima wa mpunga hawachimbi kila mtu mfereji wake kutoka mtoni. Huchimba mmoja wa shirika. Ndivyo ilivyo maktaba.

Mimi nilitengeneza ukurasa wa kutangaza mkutano wa wazazi. Nikaazima maktaba ya tarehe na saa, nikafurahi kwamba inajua Kiswahili. Mkutano ulikuwa saa mbili asubuhi. Ukurasa ukaandika: "Kesho saa 08:00." Mama mmoja wa Mapogoro akasoma saa nane. Alifika mchana, nasi tumekwisha tawanyika, na habari ya mwanawe hakuisikia. Maktaba haikukosea hesabu, maana saa za kompyuta huanza usiku wa manane, lakini zetu huanza jua likichomoza. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilichukua kitu bila kukijaribu kwa mahitaji ya watu wetu.

Dawa yake ilikuwa mistari michache tu. Toa 6 katika saa ya kompyuta. Jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12. Likizidi 12, punguza 12. Kisha taja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kwa kazi ndogo hivi sikuhitaji maktaba hata kidogo.

Hatari nyingine ni kutegemea mno. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa maktaba zake katika ghala la npm. Moja yao, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ni kujaza nafasi mwanzoni mwa maneno. Lakini programu nyingi mashuhuri ziliitegemea, na ujenzi wake ukakwama duniani kote mpaka iliporudishwa. Tena, mwaka 2020 watunzaji wa Moment.js, maktaba maarufu ya tarehe, walitangaza kwamba hawataiongezea mambo mapya, wakawashauri wanaoanza kazi mpya watafute nyingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Ziko kazi ambazo si busara kuzianza peke yako, kama kuficha nywila za watu au kusoma ramani. Hizo zimejaribiwa na wataalamu wengi kwa miaka mingi, nasi tukijibunia zetu tutawaachia wezi mlango wazi.

Basi, kabla ya kuazima, najiuliza haya:

1. Je, kazi hii ni ngumu au ya hatari, au naweza kuimaliza kwa mistari kumi?
2. Je, yafaa kwa lugha, saa na desturi zetu?
3. Nani anaitunza, na leseni yake yaruhusu nini?
4. Ina uzito gani? jQuery, hata ikiwa imebanwa, ina uzito wake, na mzazi mwenye mtandao hafifu hulipia kila kilobaiti kwa bando lake.
5. Je, nimeweka nakala yangu ya toleo nililolijaribu, ili ya mbali ikiondolewa nisikwame?

Majibu yakiwa mema, azima bila haya, na umshukuru aliyeiandika. Yakiwa mabaya, andika mwenyewe. Lakini kwa vyovyote vile jaribu kwanza, tena mbele ya yule atakayesoma. Mimi sasa, kabla ya kutoa tangazo, humwonyesha mzazi mmoja na kumwuliza: "Mama, utakuja saa ngapi?"