Kabla ya Kuuza Kiwanja: Ukweli Kuhusu Mimba ya Maabara

Baada ya ibada ya akina mama, dada mmoja wa miaka 39 alinivuta pembeni. Ana miaka 11 katika ndoa na hajapata mtoto. "Dada nesi," aliniuliza, "tumepata mnunuzi wa kiwanja. Tukikiuza tukatibiwe, nitapata mtoto kweli?"

Sikuweza kumjibu ndiyo wala hapana. Nilimweleza haya, nanyi wapenzi wasomaji yafaa myajue.

Katika tiba hii mayai ya mke hutolewa, hukutanishwa na mbegu za mume maabara, kisha kiinitete huwekwa katika mji wa mimba, kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 5. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Nesi mwenzetu, Jean Purdy, alikuwa mmoja wa watatu walioifanikisha kazi hiyo.

Jambo kubwa kuliko yote ni umri wa mke, kwa kuwa mayai huzeeka pamoja naye. Huko Uingereza, katika kila viinitete 100 vinavyowekwa kwa wanawake walio chini ya miaka 35, kama 35 hufikia kuzaliwa. Kwa wenye miaka 43 au 44 wanaotumia mayai yao, ni kama 5 tu. Miaka tunayoipoteza kwa waganga hairudi.

Pili ni mume. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo limo kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Apimwe mapema.

Tatu ni hali ya uzazi. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija. Mrija uliojaa maji hupunguza nafasi ya mimba kushika, hivyo mara nyingi hushughulikiwa kwanza. Uvimbe ulioingia ndani ya mji wa mimba nao huzuia.

Nne, sigara, iwe ya mke au ya mume, na unene uliozidi hupunguza mafanikio.

Tano ni ujuzi wa maabara. Ulizeni: "Kati ya wanawake wa umri wangu walioanza tiba hapa, wangapi walirudi nyumbani na mtoto?" Ulizeni pia viinitete vitakavyobaki vitafanywaje, mkubaliane mbele za Mungu kabla ya kuanza.

Yule dada alirudi na mumewe. Katika miaka yote 11, mume hakuwahi kupimwa. Alipopimwa, mbegu zake zilikuwa chache. Alilia, akamwomba mkewe msamaha kwa maneno aliyoyavumilia ukweni. Sasa wamepanga fedha za kujaribu mara mbili, na wameafikiana kwamba kiwanja walichojengea nyumba hakitaguswa.

Akina mama, Hana alipolia, Elkana hakumwacha. Tuwaombee wanaosubiri, na tuache kuwauliza kila Jumapili, "Bado tu?"