Hakimu Mpelelezi katika Filamu ya Z

Filamu ya taharuki ya kisiasa, yaani ile inayomweka mtazamaji roho juu kwa hila za watawala badala ya hila za majambazi, mara nyingi humtegemea shujaa anayewindwa. Lakini Z, iliyoongozwa na Costa-Gavras na kutolewa mwaka 1969, inamtegemea mtumishi wa serikali anayeketi ofisini akihoji mashahidi. Kisa chake kinatokana na riwaya ya Vassilis Vassilikos kuhusu Grigoris Lambrakis, mbunge wa Ugiriki aliyeshambuliwa mjini Thessaloniki tarehe 22 Mei 1963 alipotoka kwenye mkutano wa wapigania amani, akafariki siku chache baadaye.

Hakimu mpelelezi ni ofisa wa mahakama ambaye, katika mifumo ya sheria ya aina ya Ufaransa, huongoza upelelezi kabla kesi haijasikilizwa, ilhali Tanzania na Kenya, zilizorithi mfumo wa Kiingereza, zimeiacha kazi hiyo zaidi mikononi mwa polisi na waendesha mashtaka. Lau mamlaka hayo yasingekuwapo katika kisa hiki, maofisa waliopanga mauaji ndio ambao wangejichunguza. Wakuu wa polisi wanadai kwamba marehemu aligongwa na dereva mlevi, lakini uchunguzi wa maiti unaonyesha kwamba alipigwa kichwani. Hakimu, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, haonyeshi kuupenda upande wowote. Anachokitambua ni kwamba mashahidi wasiopaswa kuwa na uhusiano wanamfananisha mtu yuleyule na chui milia kwa maneno yaleyale, dalili kwamba wamefundishwa la kusema. Hapo ndipo ufundi wa filamu hii ulipo, kwa kuwa taharuki inazaliwa zaidi na karatasi za ushahidi kuliko na mbio za magari, ingawa hizo nazo zimo. Maofisa wanapoingia mmoja mmoja na kuulizwa majina na kazi zao kama washtakiwa wengine, kisha kila mmoja akatoka na kuhangaika na mlango uliofungwa, kicheko cha mtazamaji kina ukali wake.

Ugiriki ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Aprili 1967, hivyo filamu ilipigwa Algeria, na ndiyo iliyoipatia nchi hiyo tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Christos Sartzetakis, hakimu halisi wa kesi hiyo, alifukuzwa kazi na kufungwa na wanajeshi hao. Mwaka 1985 Bunge lilimchagua kuwa Rais wa Ugiriki.