Kiwanja cha Bure Chaweza Kuwa Ghali

Familia ikija kijijini kuanzisha kanisa, mara nyingi mzee mwema huwaambia, "Jengeni hapa kwangu, sitaki kodi." Ni msaada mkubwa. Lakini mzee akifariki, wanawe waweza kuwafukuza, na watoto wakalala nje. Kwa hivyo, kabla ya kujenga:

1. Mzee, mkewe na watoto wao wakubwa wakae, wakubaliane.

2. Muandike kama ni kukaa tu au ni kupewa kabisa. Mashahidi watie sahihi.

3. Kama ni kupewa shamba la kilimo, ombeni kibali cha bodi ya ardhi katika miezi 6, kama sheria ya 1967 inavyotaka.

Mzee akikataa kuandika, mshukuruni, kisha mpange chumba.